Sajini Hoyt Wilhelm, Mtupaji wa Akiba

Hapana askari asiyejua maana ya akiba. Wenzake wanapokuwa mbele wakipambana, yeye hukaa nyuma na silaha yake tayari, akisikia milio kwa mbali, asijue kama ataitwa baada ya dakika tano au hataitwa kabisa. Akiitwa, mambo huwa yameharibika: hupewa kazi iliyowashinda wengine, tena bila muda wa kuizoea hali. Akifaulu, sifa huenda kwa kikosi kizima; akishindwa, lawama humwangukia peke yake. Leo tunawaletea wasomaji wetu wa kambi ya Mbuya, wa Naguru, na wa vituo vyote vya jeshi na polisi nchini, maisha ya mtu aliyefanya kazi ya akiba katika uwanja wa michezo kwa misimu 21, hata kazi hiyo ikapata heshima ambayo haikuwa nayo. Vita vya kweli navyo alivijua, na mwilini mwake alibeba chuma chake.

Mtu huyo ni marehemu James Hoyt Wilhelm, Mmarekani, mchezaji wa besiboli, ambaye wenzake walimpa jina la Sajini Mzee kwa ajili ya cheo alichotoka nacho jeshini.

MCHEZO WENYEWE

Kwa kuwa wengi wetu hatukukulia katika mchezo huu, yafaa tuueleze kwa kifupi. Aliyepata kutazama kriketi katika uwanja wa Lugogo, ng'ambo ya Nakawa ukitazama kutoka kilima chetu cha Mbuya, hatapotea. Timu ni mbili, kila moja ina watu 9. Mmoja wao, mtupaji, husimama juu ya kichuguu cha udongo na kumtupia mpira mpigaji wa upande wa pili, ambaye yuko umbali wa mita 18 na nusu hivi, ameshika gongo la mviringo. Mpira haudundi chini kama katika kriketi, bali huja hewani moja kwa moja. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, mwenzake mtupaji, na glovu mkononi. Mpigaji akikosa mara 3 hutoka. Akiupiga vizuri hukimbia kuvizunguka vituo 4, na akirudi alikoanzia huwa ameipatia timu yake mkimbio mmoja. Wakitoka watu 3, timu hubadilishana zamu, na mchezo mzima una vipindi 9.

Mtupaji ndiye nguzo ya timu, lakini mkono wa binadamu huchoka. Mtu aliyetupa mpira mara 100 kwa nguvu zake zote huanza kupoteza shabaha, na hapo wapigaji humvamia. Basi meneja hutembea hadi kichuguuni, huuchukua mpira mkononi mwake, na humwita mwingine ambaye alikuwa pembeni akiupasha moto mkono wake. Huyo ndiye mtupaji wa akiba. Aghalabu huingia wakati wapinzani wamekwisha kusimama vituoni, wakihitaji pigo moja tu ili washinde.

Katika ujana wa Wilhelm kazi hiyo ilidharauliwa. Walioachiwa kuifanya walikuwa aghalabu wazee waliopungukiwa na nguvu, au vijana walioshindwa kuaminiwa kuanza mchezo. Hata hesabu ya michezo iliyookolewa na watupaji wa akiba haikuandikwa rasmi mpaka mwaka wa 1969.

MWALIMU WA KARATASI

Wilhelm alizaliwa tarehe 26 Julai 1922 huko Huntersville, katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Kwa miaka mingi vitabu vya michezo viliandika kwamba alizaliwa mwaka wa 1923. Wasomaji na walikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia. Wazazi wake walikuwa wakulima waliokodi ardhi ya wengine, na nyumba yao ilikuwa na watoto 11.

Alipokuwa mwanafunzi aliona gazetini habari na picha ya Emil Leonard, mtupaji wa timu ya Washington, iliyoonyesha jinsi alivyoushika mpira wake. Leonard hakuukumbatia mpira kwa kiganja kama wengine. Aliubana kwa ncha za vidole, akausukuma usizunguke hata kidogo. Wamarekani huuita mtupo huo nakoboli. Kijana Wilhelm akachukua mpira wa tenisi na kuanza kuiga ile picha.

Siri ya nakoboli ni hii. Mpira unaozunguka hushika njia yake, kama risasi inayozungushwa na mikunjo ya ndani ya mtutu. Mpira usiozunguka hutikiswa na upepo unaogonga mishono yake, ukaenda huku na huku, ukapanda, ukaanguka ghafla. Mpigaji hajui utakapofikia, mdakaji hajui, na mtupaji mwenyewe hajui. Mpira wa kasi wa watupaji hodari hupita kilomita 140 kwa saa. Nakoboli huenda polepole sana kuliko huo. Kwa sababu hiyo makocha wengi waliuona kuwa mchezo wa kitoto usiofaa kwa mwanamume mwenye misuli. Hawakuzingatia faida yake kubwa: mtupo usiohitaji nguvu nyingi hauuchoshi mkono upesi, na mkono usiochoka unaweza kuitwa leo, kesho na keshokutwa.

ARDENNES

Mwaka wa 1942 Wilhelm alianza kulipwa kwa kucheza katika timu ya Mooresville, karibu na kwao, katika daraja D, ambalo lilikuwa la chini kabisa. Alicheza msimu mmoja tu. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita vya Pili vya Dunia, naye akachukuliwa jeshini na kupelekwa Ulaya.

Tarehe 16 Desemba 1944 majeshi ya Ujerumani yalifanya shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi, katika misitu ya Ardennes nchini Ubelgiji na Luxembourg. Theluji ilikuwa nene, ndege hazikuweza kuruka kwa sababu ya ukungu, na vikosi vya Marekani vilivyokuwa vikipumzika vilishtukizwa. Mapigano yaliendelea hadi mwishoni mwa Januari 1945, na Wamarekani wapatao 19,000 waliuawa. Katika mwezi huohuo wa Desemba, wazee wetu wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland waliokuwa katika King's African Rifles walikuwa mbali upande wa mashariki, wakiuvuka mto Chindwin huko Kalewa, nchini Burma, baada ya kuwafukuza Wajapani katika matope na malaria ya bonde la Kabaw. Vita vilikuwa vimoja, na vijana waliopotezewa miaka yao walitoka katika kila bara.

Wilhelm alijeruhiwa huko Ardennes. Alipewa nishani ya Purple Heart, ambayo Marekani huwapa askari wake waliojeruhiwa na adui, naye akapanda hadi cheo cha sajini. Vipande vya kombora vilibaki mgongoni mwake. Alivibeba katika maisha yake yote ya michezo, na kila mpira alioutupa aliutupa na chuma hicho mwilini.

KUNGOJA

Mwaka wa 1946 alirudi Mooresville, palepale alipoachia, katika daraja lilelile la chini. Vita vilikuwa vimemla misimu mitatu ya ujana. Msimu wa kwanza alishinda michezo 21, na wa pili akashinda 20. Kwa mtupaji mwenye mpira wa kasi, hesabu hizo zingemfungulia mlango wa ligi kuu mara moja. Yeye alipandishwa ngazi moja moja, kutoka mji hadi mji, akafika Minneapolis mwaka wa 1950, na huko nako akawekwa misimu miwili. Kwa jumla alitumikia misimu 7 katika ligi za chini. Wachezaji wengi wa umri wake walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kurudi mashambani au viwandani.

Yafaa hapa tuseme jambo ambalo maandishi ya sifa hulipita haraka. Wilhelm alipopokewa Mooresville mwaka wa 1942, mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika ligi ile wala katika ligi kuu, hata awe hodari namna gani. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na vikosi vya weupe mbali na vya weusi mbali. Mlango wa ligi kuu ulifunguliwa mwaka wa 1947 na Jackie Robinson wa Brooklyn. Satchel Paige, ambaye wengi humweka miongoni mwa watupaji bora waliopata kuishi, aliingia mwaka wa 1948 akiwa na miaka 42, na mwaka wa 1952 alikuwa akitupa kama mtu wa akiba huko St. Louis akiwa na miaka 46. Kwa hiyo tunapousifu uvumilivu wa Wilhelm, tusiwasahau waliongojeshwa zaidi yake kwa sababu ya rangi ya ngozi zao.

MWAKA WA 1952

Ilikuwa mwezi wa Aprili 1952 ambapo New York Giants walimwita Wilhelm katika ligi kuu. Alikuwa na miaka 29, umri ambao wengine huanza kuhesabu misimu iliyobaki. Mara ya kwanza aliposhika gongo kama mpigaji, aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Alicheza miaka mingine 20 baada ya hapo, wala hakuupiga tena mpira ukatoka nje hata mara moja.

Lakini hakuajiriwa kwa ajili ya gongo. Msimu huo aliitwa kichuguuni katika michezo 71, yote kama mtu wa akiba. Alishinda 15, akashindwa 3. Mikimbio aliyowaruhusu wapinzani kwa kila vipindi 9 ilikuwa wastani wa 2.43, na hapakuwa na mtupaji katika ligi yake aliyekuwa na wastani mdogo kuliko huo, hata miongoni mwa wale wenye majina makubwa waliokuwa wakianza michezo. Tuzo ya mchezaji mpya bora ilikwenda kwa Joe Black wa Brooklyn, naye pia mtupaji wa akiba, naye pia aliyepitia jeshini, na mtu mweusi. Msimu mmoja watu wawili wa akiba walishindania heshima iliyokuwa ikidhaniwa ni ya wengine.

Mwaka wa 1954 Giants walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Cleveland michezo 4 bila jibu, na Wilhelm alikuwamo.

TAABU YA WADAKAJI

Silaha isiyotabirika huwatesa wenye nayo pia. Tarehe 10 Septemba 1954 mdakaji Ray Katt, aliyekuwa akidaka mipira ya Wilhelm, aliponyokwa na mpira mara 4 katika kipindi kimoja, mbele ya halaiki ya watazamaji. Katt hakuwa mzembe. Alipewa kazi ya kukamata kitu ambacho aliyekirusha hakujua kiendako. Timu nyingi ziliogopa aibu ya namna hiyo, na hilo ni jambo moja lililomfanya Wilhelm ahamishwe mara kwa mara. Mwaka wa 1957 alihamishiwa St. Louis, na kabla mwaka haujaisha akapelekwa Cleveland. Agosti 1958 Cleveland nao wakamwachilia, na Baltimore Orioles wakamwokota.

Meneja wa Baltimore, Paul Richards, aliliangalia jambo hilo kwa jicho la fundi. Mwaka wa 1960 alitengeneza kwa ajili ya wadakaji wake glovu kubwa mno, pana kupita ile ya kawaida, ili mpira ukipotoka upate pa kuangukia. Baadaye wakuu wa mchezo waliweka sheria ya kupunguza ukubwa wa glovu. Ndivyo mtu mmoja alivyosababisha kifaa kipya na sheria mpya.

SIKU YA BALTIMORE

Mwezi mmoja tu baada ya kuachwa na Cleveland, tarehe 20 Septemba 1958, Baltimore walimpa Wilhelm kazi ambayo hakuizoea: kuanza mchezo, na kuumaliza kama angeweza. Wapinzani walikuwa New York Yankees, timu iliyotwaa ubingwa wa mwaka huo. Aliyeanza kwa upande wao alikuwa Don Larsen, ambaye mwaka wa 1956, katika mashindano ya ubingwa, aliwatoa wapigaji wote 27 wa Brooklyn bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza.

Mvua ya rasharasha ilinyesha. Kipindi baada ya kipindi wapigaji wa Yankees walisimama, wakapunga gongo, wakarudi kuketi. Katika kipindi cha 7 mdakaji wa Wilhelm, Gus Triandos, ambaye kila siku aliteswa na ile nakoboli, aliupiga mpira nje ya uwanja na kuipatia Baltimore mkimbio mmoja. Huo ulitosha. Vipindi 9 vilikwisha, na hakuna mtu wa Yankees aliyekuwa amepata pigo lolote la haki. Aliyeachwa mwezi wa Agosti kuwa hafai alifanya Septemba jambo ambalo watupaji wengi wakubwa hustaafu bila kulionja.

Mwaka uliofuata alipewa nafasi ya kuanza michezo mingi, akawa tena na wastani mdogo kuliko wote, 2.19, safari hii katika ile ligi ya pili. Marekani ina ligi kuu mbili, naye akawa ameziongoza zote mbili kwa hesabu hiyo. Baada ya hapo alirudi katika kazi yake ya akiba, wala haijulikani kuwa aliinung'unikia.

UZEE UWANJANI

Mwaka wa 1963 alipelekwa Chicago White Sox. Alikuwa na miaka 40, na hapo ndipo alipofanya kazi bora kuliko zote. Tangu 1964 hadi 1968, misimu 5 mfululizo, wastani wake ulikuwa chini ya 2.00 kila msimu. Wapigaji aliokuwa akiwatoa walikuwa watoto wadogo alipokuwa Ardennes. Julai 1968 aliingia kichuguuni kwa mara ya 907, akaipita hesabu ya Cy Young, ambaye alitupa kati ya mwaka wa 1890 na 1911. Wapenzi wa mchezo walikuwa wamedhani hesabu ya Young haitafikiwa kamwe.

Mwaka wa 1969 alikuwa California, na Septemba Atlanta ikamwita akaisaidie katika wiki za mwisho za kugombea uongozi wa kundi lake. Akasaidia, na Atlanta ikaongoza. Mei 1970 akawa mtupaji wa kwanza kufikisha michezo 1,000 katika ligi kuu, na mwaka huo akachaguliwa katika timu ya nyota akiwa anakaribia miaka 48. Baada ya hapo alipita Chicago Cubs, akarudi Atlanta, kisha akaenda Los Angeles Dodgers. Kwa jumla alivaa sare za timu 9. Timu zilimpokea zikiwa na shida na zikamwacha shida ilipokwisha, naye kila alipoitwa alifika.

Tarehe 21 Julai 1972 Dodgers walimwachilia, na hakukuwa na timu nyingine. Kwa vitabu vya wakati ule alikuwa anatimiza miaka 49. Kwa hesabu ya kweli alikuwa amebakiza siku 5 tu atimize 50. Alikuwa amecheza michezo 1,070, ameshinda 143 na kushindwa 122, na wastani wake wa maisha ulikuwa 2.52. Ile hesabu ya michezo 1,070 haikupitwa mpaka mwaka wa 1998, alipoipita Dennis Eckersley.

HESHIMA ILIYOCHELEWA

Baada ya kustaafu alifundisha watupaji vijana, kwa miaka mingi katika timu za chini za New York Yankees. Mkono uliopuuzwa katika ligi za chini ukarudi kuwasaidia waliokuwa huko.

Huko Cooperstown, katika jimbo la New York, kuna jumba la makumbusho ambamo majina ya wachezaji bora wa besiboli huwekwa kwa kura za waandishi wa michezo. Jina la Wilhelm lilipigiwa kura kwa mara ya kwanza mwaka wa 1978, na likakataliwa. Likakataliwa tena na tena, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakuwa na desturi ya kumpima mtu wa akiba. Walipima ushindi wa wanaoanza. Mwaka wa 1985, katika kura ya 8, alikubaliwa. Alikuwa mtupaji wa akiba wa kwanza kuingia katika jumba lile. Waliomfuata walipata njia iliyokwisha kufyekwa, na mwaka wa 2019 Mariano Rivera, mzaliwa wa Panama, naye mtu wa akiba, alichaguliwa kwa kura zote bila hata moja kumkataa.

Hoyt Wilhelm alifariki tarehe 23 Agosti 2002 huko Sarasota, jimbo la Florida, akiwa na miaka 80.

Mchezo alioucheza umekwisha kufika kwetu. Agosti 2012 watoto wa Lugazi, katika njia ya Jinja, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, na waliifunga timu ya jimbo la Oregon mikimbio 3 kwa 2. Lakini hata asiyepata kuushika mpira huo ana la kuchukua katika maisha haya. Hapa Mbuya, kama katika kila kambi, wapo waliokaa muda mrefu bila kupandishwa cheo, wapo wenye majeraha yasiyoonekana nje ya sare, na wapo wanaohamishwa kituo hadi kituo kila penye upungufu. Wilhelm alikuwa mambo hayo yote matatu. Aliutunza ujuzi mmoja ambao wakubwa waliudharau, akauweka tayari kila jioni pembeni mwa uwanja, akasikiliza kama ataitwa. Na aliitwa mara 1,070.